Kuchagua Mji wa Kuishi: Kwa Nini Tulikwenda Didcot

Muuguzi anayekuja kufanya kazi Uingereza huwa hachagui mji wake wa kwanza. Mkataba ndio unaomchagulia. Unapewa jina la hospitali, unalitafuta kwenye simu ukiwa bado Tanga au Mombasa, unaona picha ya jengo la matofali mekundu chini ya wingu zito, unamshukuru Mungu, unafunga mizigo. Hivyo ndivyo nilivyofika Sheffield. Nilikuja na stashahada yangu ya uuguzi, nikafanya mtihani wa vitendo wa kusajiliwa, nikasoma shahada huku nikipiga zamu za usiku. Mume wangu alinifuata baada ya mwaka mmoja.

Mji wa pili ni habari nyingine. Huo unauchagua mwenyewe, na mkiwa wawili mnauchagua wawili, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Yetu yalianza mwaka 2025. Shemeji yenu, ambaye ni fundi wa mifumo ya kompyuta, alipata kazi Reading. Miezi miwili baadaye nikapata nafasi niliyokuwa nikiitafuta siku nyingi, katika hospitali ya John Radcliffe, iliyoko Headington, upande wa mashariki wa Oxford. Kati ya Oxford na Reading ni kama dakika 25 kwa treni ya haraka. Ukiangalia ramani utasema hawa wamebahatika, wapange nyumba popote hapo katikati. Lakini kulikuwa na mtu wa tatu katika hesabu. Binti yetu, aliyezaliwa Sheffield, alikuwa kwa bibi yake Muheza tangu alipotimiza mwaka mmoja, wakati masomo yangu na zamu za baba yake ghalani vilipokuwa haviachi nafasi ya kulea. Sasa alikuwa na miaka mitatu na alikuwa arudi kwetu mwezi wa nane. Alikuwa akituona kwenye simu tu. Mtandao ukikatika humwambia bibi yake, "Mama amezimika." Bibi alinisimulia akicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kwa hiyo hatukuwa tukitafuta nyumba tu. Tulikuwa tukitafuta mji ambao mtoto huyu angetuona kila siku, mmoja wetu au wote wawili, bila kuzimika.

Saa kwanza, ramani baadaye

Kila rafiki tuliyemuuliza alitoa jibu moja: fuateni hospitali. Muuguzi ndiye mwenye saa ngumu, kwa hiyo nyumba iwe karibu na wodi. Ni ushauri wenye busara, na kwa wengi ndio sahihi. Sisi tulichukua daftari, tukaandika saa za kila mtu katika ukurasa wake.

Ukurasa wangu: zamu ya mchana inaanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa mbili usiku. Zamu ya usiku inaanza saa moja na nusu jioni hadi saa mbili asubuhi. Kwa wastani ni zamu tatu kwa wiki, na Jumapili ni siku kama nyingine.

Ukurasa wake: Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa kumi na moja, siku tatu ofisini Reading na siku mbili nyumbani.

Ukurasa wa mtoto: vituo vingi vya kulelea watoto tulivyoviulizia vinafungua saa moja na nusu au saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Ikifika saa kumi na mbili na hujatokea, unatozwa fedha ya ziada, na mtoto amekaa na koti lake akiangalia mlango.

Tulipoweka kurasa tatu pamoja, tuliona jambo ambalo ramani haikutuonyesha. Mwenye saa ngumu ni mimi, kweli. Lakini siku ninayokuwa zamu ya mchana mimi siwezi kumpeleka mtoto wala kumchukua; natoka hajaamka, narudi amelala. Siku hizo, mtu pekee anayeweza kusimama kwenye mlango ule kabla ya saa kumi na mbili ni baba yake. Saa yake ndiyo isiyosogea. Mimi nikichelewa nusu saa kufika nyumbani, nimechoka nusu saa zaidi. Yeye akichelewa nusu saa, mtoto ndiye anayelipa.

Basi tukakubaliana: mji upimwe kwanza kwa saa kumi na mbili jioni, kisha kwa saa moja na nusu asubuhi ya Jumapili, ambayo ndiyo saa yangu mbaya kuliko zote, kwa sababu treni za Jumapili huanza kwa kuchelewa. Uzuri wa mji, bei na majirani tukavipa zamu ya tatu. Tukaenda kuviona vyote kwa miguu, mji mmoja kila tulipopata siku.

Reading

Jina lake linatamkwa "Reding", si kama neno la kusoma, na ukikosea wenyeji watakusahihisha kwa upole. Ni mji mkubwa ambao umeomba mara kadhaa kupewa hadhi ya jiji na haujaipata. Zamani ulijulikana kwa biskuti za Huntley & Palmers, ambazo makopo yake yalizunguka dunia nzima. Leo ni mji wa ofisi za kompyuta na wa treni: kutoka hapa unafika London kwa njia kuu ya magharibi, na tangu mwaka 2022 pia kwa treni za Elizabeth line zinazopenya katikati ya jiji hilo hadi upande wa pili.

Shemeji yenu aliupenda, na sababu yake haikuwa ofisi. Tulitembea Oxford Road, barabara ndefu yenye maduka ya watu wa kila bara, tukanunua mihogo, bamia na ndizi za kupika katika duka moja. Mbele ya duka hilo tukasikia mtu akiongea Kiswahili kwa simu, akilalamika kuhusu fundi wa gari. Mume wangu alisimama kabisa, akasikiliza mpaka yule bwana akamaliza, kisha akamsalimia. Wakaongea robo saa.

Tulipokuwa tukirudi aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema wazi. "Mama, wewe una wodi. Ukitoka hapa unaingia kwenye watu. Mimi Sheffield wikiendi zako za usiku nilikuwa naongea na televisheni." Aliyasema kwa sauti ya kawaida tu, na ndiyo maana yaliniingia.

Kwa saa kumi na mbili jioni, Reading ilipita bila shida yoyote. Ilikwama kwangu. Kutoka Reading hadi Headington kwa gari ni safari ya karibu saa moja, na njia ya moja kwa moja, A4074, ni barabara ya mashambani yenye kona nyingi. Kuiendesha baada ya usiku mzima wa kazi ni jambo ambalo muuguzi yeyote aliyewahi kupokea majeruhi waliosinzia kwenye usukani halifanyii mzaha. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeifuta. Alisema hataki kukaa na watu huku anasubiri simu ya polisi.

Oxford

Watu wengi wanaijua Oxford kwa vyuo. Muuguzi ana sababu nyingine ya kutembea pale kwa heshima. Mwezi Februari 1941, katika hospitali ya zamani ya Radcliffe Infirmary, askari polisi aitwaye Albert Alexander alidungwa penisilini, akiwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kabisa duniani kutibiwa kwa sindano za dawa hiyo. Ilikuwa chache kiasi kwamba watafiti waliichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Akapata nafuu, kisha dawa ikaisha, na mwezi uliofuata akafariki. Hospitali ile ilifungwa mwaka 2007 na eneo lake sasa ni la chuo kikuu. Nilipita pale nikasimama kidogo. Wodini tunachanganya dawa za jamii ile kila siku bila kufikiria.

Cowley Road ina maduka ya vyakula vya kwetu, na msikiti mkubwa uko pembeni yake tu, Manzil Way. Kutoka huko hadi hospitali naweza kwenda kwa baiskeli. Kwangu mimi Oxford ilikuwa imekamilika.

Lakini Headington iko upande mmoja wa mji na stesheni iko upande mwingine, na kati yake kuna mabasi, baiskeli, watalii na foleni. Tulihesabu: kutoka ofisini Reading saa kumi na moja, kutembea hadi stesheni, treni, kisha basi la kupanda Headington. Siku njema angefika mlangoni saa kumi na mbili na kidogo. Siku mbaya tusiseme. Na kodi ya nyumba Oxford ni miongoni mwa zinazoelemea mishahara zaidi nchini.

Hapa niwape jambo moja wauguzi wenzangu. Katika NHS kuna nyongeza ya mshahara kwa wanaofanya kazi London na kandokando yake: asilimia 20 ndani ya London, asilimia 15 London ya nje, na asilimia 5 pembezoni, kila moja ikiwa na kiwango cha chini na cha juu. Oxford haimo, ingawa kodi zake za nyumba zina tabia za London. Kabla hujasaini, usiulize mshahara tu. Uliza kama mji huo uko ndani ya mstari wa nyongeza au nje.

Abingdon

Huu ndio mji nilioutaka kwa moyo. Uko maili chache kusini mwa Oxford, ukingoni mwa mto Thames, na watu wake hujivunia kwamba ni miongoni mwa miji iliyokaliwa mfululizo kwa muda mrefu kuliko yote Uingereza. Kuna daraja la mawe, mabata, kanisa lenye mnara mwembamba, na katikati ya soko jumba la karne ya 17 ambalo juu ya paa lake, katika sherehe kubwa za kifalme, waheshimiwa wa mji hupanda na kuwarushia wananchi mikate midogo ya sukari. Mume wangu alifurahi zaidi kusikia kwamba magari ya MG yaliundwa hapa hadi mwaka 1980. Tulikula chipsi kandokando ya mto. Nilianza kumwona binti yetu akikimbiza mabata.

Kisha tukauliza stesheni iko wapi.

Abingdon haina stesheni. Reli ya kutoka Didcot kwenda Oxford ilipofunguliwa mwaka 1844 iliupita mji huu kando. Baadaye ulipata tawi dogo la reli, nalo likafungwa kwa abiria mwaka 1963. Abingdon, ambayo wakati mmoja ilikuwa makao makuu ya mkoa wa Berkshire, ilipoteza cheo hicho kwa Reading, mji wenye reli kuu. Tangu mwaka 1974 mji huu uko Oxfordshire.

Mabasi ya kwenda Oxford ni mengi na mazuri, na kwangu Abingdon ilifaa. Lakini shemeji yenu hana leseni ya Uingereza. Leseni ya kwetu inakuruhusu kuendesha huku kwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi. Baada ya hapo ni mitihani, ya nadharia na ya barabarani, na foleni ya kusubiri tarehe ni ndefu. Mimi nilikuwa nimeshafaulu, yeye bado. Kutoka Reading angelazimika kuchukua treni, kisha basi, na basi lile lingeamua kila jioni kama mtoto wetu atasubiri au hatasubiri. Niliutazama mto mara moja zaidi tukaondoka. Kuna miji ya kuishi na miji ya kwenda kula chipsi, na hakuna ubaya mji ukiwa wa aina ya pili.

Didcot

Nilipomwambia mwenzangu wa Sheffield kwamba tunakwenda kuangalia Didcot, alisema, "Hapo si pa kubadilishia treni?" Ndivyo wengi wanavyopajua. Kabla ya reli kilikuwa kijiji kidogo. Mwaka 1844 njia ya Oxford ilipochipuka kutoka kwenye njia kuu ya London na Bristol, njia panda ile ikazaa mji.

Kwa miongo mingi alama ya Didcot ilikuwa minara sita mikubwa ya kupozea maji ya kituo cha umeme cha makaa ya mawe, iliyoonekana kutoka maili nyingi. Kituo hicho kilizimwa mwaka 2013. Minara mitatu ilibomolewa mwaka 2014 na mitatu mwaka 2019, na bomba refu la moshi likafuata mwaka 2020. Kazi ile haikwisha bila msiba: mwezi Februari 2016 sehemu ya jengo iliporomoka na wafanyakazi wanne wakafariki. Mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja stesheni alituambia kwamba mpaka leo akitoka safari huitafuta ile minara ili ajue amekaribia kwake. Nilimwelewa. Kwetu ukitoka Dar es Salaam unaitafuta milima ya Usambara.

Didcot si mji wa kupigia picha. Una mitaa ya nyumba mpya zinazofanana kama sare za shule, eneo la maduka la kisasa, na makumbusho ya injini za mvuke yaliyo pembeni kabisa mwa stesheni. Lakini tulipoujaribu kwa saa zetu, ulijibu kila swali.

Jaribio tulifanya hivi. Wakati huo mume wangu alikuwa ameshaanza kazi na amepanga chumba Reading siku za kazi. Jumatano moja nilipokuwa na mapumziko, nilikwenda Didcot nikasimama mbele ya kituo cha kulelea watoto tulichokuwa tumekiulizia, kutembea kidogo kutoka stesheni. Yeye akatoka ofisini saa kumi na moja kamili kama siku yoyote, akatembea hadi stesheni ya Reading, akapanda treni ya dakika kama 15. Nilimwona anakunja kona saa kumi na moja na dakika 47. Alikuwa amebeba mkoba wake begani na anatembea kama mtu asiye na haraka. Treni ikichelewa kidogo bado angewahi. Ikifutwa, kuna nyingine, maana treni nyingi za magharibi zinasimama hapo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Nililala kwa rafiki hapo jirani, nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikaendesha gari kwa A34 na barabara ya kuzunguka Oxford hadi Headington. Karibu nusu saa, barabara tupu. Siku za kazi A34 ina foleni zake maarufu, lakini mtu anayepita kabla ya saa moja hukutana na chache. Na zamu za usiku nimeamua siendi na gari. Siku ya kazi nikitoka saa mbili asubuhi nashuka kwa basi hadi stesheni, napanda treni ya dakika kama 15, nikisinzia nimesinzia, kazi ya kuendesha ni ya mtu mwingine.

Lilibaki swali la mume wangu, na hilo daftari halikuweza kulijibu. Didcot hatukusikia Kiswahili mbele ya duka lolote. Tulizungumza usiku kucha, si kwa ugomvi. Nilimwambia sitaki mji unaonifaa mimi ukamle yeye. Yeye akaniambia, "Tofauti ya Didcot na Reading ni dakika 15. Sheffield tofauti yangu na watu haikuwa dakika, ilikuwa kwamba sikuwa na sababu ya kutoka." Tukawekeana ahadi: Jumamosi mbili kila mwezi ni za Reading, ziandikwe kwenye kalenda kama zamu, na mimi niombe ratiba yangu mapema kuzizunguka.

Mambo ya fedha, kwa kifupi

Kwa familia zinazohama, haya ndiyo tuliyoyaweka mezani. Katika England, kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000, dhamana haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5, na fedha ya kushikilia nyumba haizidi ya wiki 1. Hesabu inafanywa kwa wiki, si kwa mwezi. Nyumba ya pauni 1,350 kwa mwezi: zidisha kwa 12, gawanya kwa 52, unapata kama pauni 311 kwa wiki; dhamana basi haipiti takribani pauni 1,557. Mwenye nyumba anatakiwa kuiweka dhamana hiyo katika mpango ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30 na akupe taarifa zake. Wakala akikutajia zaidi, mwombe kwa adabu aandike hesabu yake kwenye barua pepe.

Ulizia kodi ya halmashauri. Kila nyumba iko katika daraja kuanzia A hadi H, kulingana na thamani ambayo ingekuwa nayo mwezi Aprili 1991. Nyumba mbili za kodi sawa zinaweza kuwa madaraja tofauti, na tofauti hiyo inalipa tiketi nyingi za treni.

Kwa wenye watoto: England inagharamia saa 15 za malezi kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kwa kila mtoto kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka mitatu, haidhuru wazazi wana viza gani. Na kama mtoto ataanza shule Septemba, maombi ya shule ya msingi yanafungwa tarehe 15 Januari ya mwaka huo. Anwani yako ndiyo inayobeba maombi hayo, kwa hiyo unapochagua nyumba mwaka huu unachagua shule ya mwaka ujao.

Tunavyoishi sasa

Binti yetu alifika mwezi wa nane na bibi yake, ambaye alikaa nasi wiki sita. Wiki ya kwanza aliniita "mama wa simu", kunitofautisha na bibi. Hakuna aliyemkataza. Baba yake alianza kumpeleka kituoni asubuhi na kumchukua jioni, na kila jioni walirudi na habari: leo treni ndefu, leo treni fupi, leo treni ya moshi imepiga honi. Siku ambazo sina zamu nakwenda mimi. Sijui ni siku gani hasa yale maneno "wa simu" yaliacha kusikika. Siku hizi tukimpigia bibi Muheza na mtandao ukakatika, anatugeukia na kusema, "Bibi amezimika."

Si kila kitu kimekaa sawa. Kiswahili chake kilichotoka Muheza kimenyooka kuliko changu, na nasikia Kiingereza kikianza kukila kingo. Mume wangu Jumamosi za Reading hazikosi, hata mvua ikinyesha, lakini siku za katikati ya wiki anazofanyia kazi nyumbani bado ni kimya kuliko anavyopenda. Ameanza masomo ya udereva. Mimi mara mojamoja nikiwa na siku huru napita Abingdon, nakula chipsi kando ya mto, narudi.

Wenzangu mnaojiandaa kuhama, chukueni daftari kabla ya kufungua ramani. Andikeni saa za kila mtu, na mtoto mpeni ukurasa wake. Tafuteni saa moja ambayo haisogei, na mwenye saa hiyo asifikiriwe tu kwa sababu ya cheo cha kazi yake au ukubwa wa mshahara. Kisha nendeni mkaupime mji huo siku hiyo na saa hiyo, kwa miguu na kwa treni mtakayopanda kweli. Na mkishamaliza hesabu, muulizane swali ambalo saa haiwezi kulijibu: nani kati yetu atakuwa mpweke hapa, na tumempangia nini?

Binti yetu anaanza shule Septemba. Shule ina saa zake na likizo zake, na baba yake huenda akawa na leseni wakati huo. Tumeshanunua daftari jingine.